Mbunge hatumwoni, dawa hakuna: tuandike katiba mpya au tuirekebishe hii?

Swali: Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Busia, upande wa Uganda. Kituo chetu cha afya kinakaa wiki baada ya wiki bila dawa za malaria, na mbunge wetu tulimwona mara ya mwisho wakati wa kampeni. Redioni nasikia kila siku kwamba mamlaka ni ya wananchi. Jirani zetu wa Kenya walipata katiba mpya mwaka 2010. Je, na sisi tunahitaji katiba mpya? Kama ni kurekebisha, kirekebishwe nini ili wakubwa wawajibike kwetu? Na mimi raia wa kawaida nifanye nini kwa sasa?

Jibu: Dada, umeuliza matatu kwa pumzi moja. Naanza na la pili, maana hilo ndilo lenye nyama. La kwanza litajijibu njiani.

Katiba yetu ya 1995 haina upungufu wa maneno mazuri. Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Katika malengo ya taifa yaliyotangulia ibara zenyewe, lengo la 26 linasema kila ofisi ya umma inashikwa kwa dhamana kwa niaba ya wananchi, na kila kiongozi atawajibika kwao. Ibara ya 17 inakutwika hata wewe wajibu wa kupambana na rushwa. Ukiyasoma haya jioni utalala umetabasamu. Shida inaanza unapouliza: asipofanya, anafanywa nini, na nani? Hapo ndipo Katiba inapokaa kimya, au inasema halafu inajifuta yenyewe.

Mfano mzuri ni huo wa mbunge wako. Watu wengi hawajui kwamba haki ya kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano imeandikwa, tena kwa kirefu. Iko ibara ya 84. Inataja sababu tatu: mbunge kushindwa kazi kwa ugonjwa wa mwili au akili, mwenendo mbaya wa kuaibisha kiti, na ya tatu, kuwatelekeza wapiga kura wake mara kwa mara bila sababu ya maana. Hiyo ya tatu ni kana kwamba walimwandikia mbunge wako. Theluthi mbili ya wapiga kura walioandikishwa jimboni wanatia saini ombi, linapelekwa kwa Spika, na Spika ana siku saba za kuiagiza Tume ya Uchaguzi ifanye uchunguzi wa hadharani.

Kisha unafika kifungu kidogo cha 7, ambacho ni sentensi moja tu: haki hii itakuwepo wakati mfumo wa Movementi unatumika. Mfumo huo, wa siasa bila ushindani wa vyama, tuliuacha kwa kura ya maoni ya Julai 2005, tukaingia vyama vingi, na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu 1980 ukafanyika Februari 2006. Tangu hapo ibara ya 84 imelala. Imo kitabuni, lakini ukiipeleka kwa Spika atakuonyesha kifungu cha 7 na kukusindikiza mlangoni.

Hoja ya walioandika hivyo ilikuwa kwamba vyama vikiwepo, chama ndicho kitakachomtia adabu mbunge wake. Mimi siikubali. Chama kinamtia adabu mbunge anayekiasi chama. Anayewatupa wapiga kura wake hakimuumizi kichwa ilmradi anapiga kura inavyotakiwa. Na bungeni tuna wabunge wa kujitegemea wengi tu. Hao nani awatie adabu? Halafu angalia kioja hiki: ibara ya 182 inawaruhusu wapiga kura kumnyang'anya mamlaka diwani wa serikali ya mtaa. Yaani diwani wa gombolola, ambaye posho yake haitoshi hata mafuta ya pikipiki, anaweza kuondolewa; mheshimiwa wa Kampala haguswi.

Kwa hiyo rekebisho la kwanza ninalolitaka ni jepesi kuliandika: futa kifungu cha 7. Ila usiishie hapo. Theluthi mbili ya walioandikishwa ni kiwango ambacho hakuna jimbo litakalokifikia. Wabunge wengi wenyewe waliingia kwa kura chache kuliko hizo. Kiwango kishuke, na ili wapinzani walioshindwa wasianze kukusanya saini kesho yake ya kiapo, mwaka wa kwanza na wa mwisho wa muhula uachwe. Hata hivyo usidhani Kenya ndiyo dawa. Wao waliiweka haki hiyo katika ibara ya 104 ya katiba yao, wakaliachia Bunge litunge utaratibu, na Bunge likatunga utaratibu wenye vikwazo hadi Mahakama Kuu ikaufuta mwaka 2017. Hakuna mbunge wa Kenya aliyekwisha kuondolewa kwa njia hiyo. Ndiyo maana nasema utaratibu wote, pamoja na idadi ya saini, uandikwe ndani ya Katiba. Ukimwachia mbunge atunge sheria ya kumwondoa mbunge, unajua atatunga ya namna gani.

Sasa twende kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, nalo ni kufuli.

Katiba yetu ina ibara za aina tatu. Kuna chache ambazo hazibadilishwi mpaka wananchi wapige kura ya maoni. Zimeorodheshwa katika ibara ya 260. Kuna zinazohitaji kuridhiwa na mabaraza ya wilaya. Hizo ni za ibara ya 261. Zilizobaki, ambazo ni nyingi mno, zinabadilishwa na theluthi mbili ya wabunge peke yao, kwa ibara ya 262. Ukitaka kujua kwa nini miaka thelathini ya Katiba hii imekwenda ilivyokwenda, usisome hotuba za mtu, soma orodha ya ibara ya 260. Ibara ya 105(1), inayosema muhula wa rais ni miaka mitano, imefungwa kufuli. Ibara ya 105(2), iliyokuwa inasema mihula isizidi miwili, ambayo iko mstari mmoja chini yake, haikufungwa. Ibara ya 102(b), ya kikomo cha umri wa miaka 75, nayo haikufungwa. Walilinda urefu wa muhula, wakaacha wazi idadi ya mihula.

Yaliyofuata unayakumbuka. Mwaka 2005 ukomo wa mihula uliondolewa na Bunge, baada ya wabunge kupewa shilingi milioni 5 kila mmoja, fedha ambazo wakosoaji waliziita hongo na watetezi wakaziita za mashauriano. Desemba 2017 kikomo cha umri kikaondolewa kwa kura 315 dhidi ya 62, safari hii fedha za mashauriano zikiwa shilingi milioni 29 kwa kila mbunge, ingawa wapo waliozirudisha. Hakuna mwananchi aliyeulizwa kwa kura, na kisheria hakukuwa na ulazima wa kumuuliza.

Lakini kulikuwa na nyongeza. Katika muswada ule ule wabunge walijipenyezea miaka miwili zaidi, muhula wao uwe miaka saba badala ya mitano, na uanze na wao wenyewe waliokuwa wamekaa. Nyongeza hiyo Mahakama ya Katiba, ilipokaa Mbale Julai 2018, iliitupa nje. Mwananchi alikuwa amewapa dhamana ya miaka mitano; kuiongeza bila kumuuliza ni kumpora. Kuhusu kikomo cha umri majaji wanne kati ya watano waliruhusu, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nao kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Jaji mmoja tu angegeuka, tungekuwa tunazungumza mengine. Ukomo wa mihula, ambao wabunge walikuwa wameurudisha humo humo kama kipoza roho, ulianguka pamoja na ile miaka saba kwa sababu haukuwemo katika muswada wa awali.

Kwa hiyo rekebisho la pili: kila ibara inayomwekea mtawala mpaka, ya mihula, ya umri, ya urefu wa Bunge, ya haki ya kumwondoa mbunge, iingie katika orodha ya ibara ya 260. Hata ukizirudisha zote kesho bila kuzifunga, Bunge lijalo litazitoa kabla wino haujakauka. Naomba radhi kwa kurudia, lakini nimekaa katika mijadala mingi ya katiba ambapo watu wanagombana saa nzima juu ya mihula miwili au mitatu, na hakuna anayeuliza nani atashika ufunguo.

La tatu ni tarehe zisizo na adhabu. Ibara ya 163 inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali apeleke taarifa bungeni kila mwaka, na inalipatia Bunge miezi sita kuijadili na kuchukua hatua. Mkaguzi kwa kawaida anapeleka yake. Miezi sita ya Bunge ndiyo inayoteleza. Taarifa zinarundikana kwenye Kamati ya Hesabu, nyingine zinajadiliwa wakati afisa aliyetajwa amekwisha kustaafu. Ibara haisemi nini kitatokea wakichelewa. Iseme. Kwa mfano, miezi sita ikipita bila uamuzi, mapendekezo ya Mkaguzi yawe na nguvu yenyewe, na afisa aliyetajwa asiguse fedha za umma mpaka ajieleze.

Utauliza kama taarifa ya ukaguzi inaweza kweli kuwatikisa wakubwa. Inaweza. Mwaka 2012 ukaguzi maalumu ulifichua kwamba kiasi cha shilingi bilioni 50 za wafadhili, zilizokusudiwa kuijenga upya kaskazini baada ya vita, zilikuwa zimechotwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland, Norway, Denmark na Uingereza zikasimamisha misaada. Serikali ikairudishia Ireland euro milioni 4 katika muda wa miezi michache. Mhasibu mkuu wa ofisi ile akashtakiwa na kufungwa. Niliposoma habari ya zile euro milioni 4 nilijiuliza: mtu wa Kitgum, huko kaskazini, ambaye fedha zile zilikuwa zake kwa maana ya karibu zaidi kuliko za mlipa kodi wa Dublin, yeye alirudishiwa nini? Serikali yetu inajua kuwajibika haraka sana. Inawajibika kwa anayeweza kukata msaada. Marekebisho yote ninayoyataja hapa yana kazi moja, kumpa mtu wa Kitgum na wa Busia kitu cha kukata.

Uteuzi nitaupitia haraka. IGG (Inspekta Jenerali wa Serikali, mwenye kazi ya kupambana na rushwa), Mkaguzi Mkuu na makamishna wa Tume ya Uchaguzi wote wanateuliwa na Rais, Bunge linaidhinisha. Ibara ya 227 inasema IGG anawajibika kwa Bunge peke yake, na ibara ya 230 inampa meno ya kukamata na kushtaki. Lakini anahudumu miaka minne, na kuongezewa minne mingine ni kwa anayeteua. Mtu anayesubiri kuongezewa muda ni mwangalifu. Nafasi hizi zitangazwe, waombaji wahojiwe mbele ya kamera kama majirani walivyomtafuta Jaji Mkuu wao mwaka 2011, na muhula uwe mmoja mrefu usioongezwa. Na wakati tunagusa Bunge, ibara ya 85 inayowaacha wabunge wajipangie mishahara na marupurupu yao ifutwe, kazi hiyo apewe mwingine. Sioni haja ya kuieleza zaidi.

Mahakama nazo zinakuhusu wewe na kituo chako cha afya moja kwa moja. Mwaka 2011 CEHURD, shirika la kutetea haki ya afya, na wenzake walifungua shauri katika Mahakama ya Katiba baada ya akina mama wawili kufa wakijifungua, mmoja Mityana na mwingine Arua, kwa kukosa huduma za msingi hospitalini. Mwaka uliofuata mahakama ikasema hilo ni suala la kisiasa, si lake. Ilibidi Mahakama ya Juu iamuru mwaka 2015 kwamba shauri lisikilizwe. Hukumu ikatoka Agosti 2020: serikali ilivunja Katiba kwa kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi, na iongeze bajeti yake. Ushindi mkubwa, lakini mtoto aliyezaliwa siku shauri linafunguliwa alikuwa darasani. Ibara ya 137 inataka mashauri ya katiba yasikilizwe haraka iwezekanavyo, hata kwa kusimamisha mengine. Kama Katiba inaweza kuhesabu siku za kesi ya uchaguzi wa rais, inaweza kuhesabu na za kesi ya dawa.

Sasa ile ya kwanza, katiba mpya. Tuliyo nayo haikuandikwa gizani. Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilizunguka nchi na kukusanya maoni zaidi ya 25,000 yaliyoandikwa, na Bunge la Katiba lenye wajumbe 284, lililochaguliwa 1994, likajadili rasimu mpaka ikatangazwa tarehe 8 Oktoba 1995. Kuanza upya ni kuweka mezani hata yale mema. Watanzania walijaribu: tume ya Jaji Warioba ilitoa rasimu iliyosifiwa, ikafika Bunge Maalumu, ikabadilishwa, na kura ya maoni iliyoahidiwa mpaka leo haijapigwa. Mimi naona heri marekebisho matano yaliyofungwa vizuri kuliko kitabu kizima ambacho hatujui kitatokaje.

Kikwazo cha kweli umekwisha kukihisi: marekebisho haya yanapita mikononi mwa watu wale wale yanayowabana. Theluthi mbili ya wabunge wapige kura ya kujiweka kwenye hatari ya kuondolewa? Peke yao hawatafanya. Ila kuna milango, na mmoja wao wameuonyesha wenyewe. Muswada wa umri wa 2017 haukuletwa na waziri. Uliletwa na mbunge wa kawaida, Raphael Magyezi, kwa haki ambayo ibara ya 94 inampa kila mbunge. Haki hiyo hiyo inamtosha mbunge mmoja mwenye moyo kuleta muswada wa kufuta kifungu cha 84(7). Kuupitisha ni kazi nyingine, lakini ukishasomwa bungeni, kila mheshimiwa atalazimika kusimama na kura yake ikaandikwa, na hiyo ni silaha wakati wa kampeni.

Mlango wa pili ni ibara ya 255, inayowapa wananchi haki ya kudai kura ya maoni juu ya jambo lolote, na matokeo yake yanavifunga vyombo vyote vya dola. Kukusanya saini nchi nzima ni mzigo, sitakudanganya. Wa tatu ni mahakama. Mwanasiasa wa upinzani Paul Ssemogerere na wenzake walikwenda kortini kupinga marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 yaliyopitishwa mbio mbio, na Januari 2004 Mahakama ya Juu ikayafuta. Korti haiwezi kukuandikia ibara mpya, lakini inaweza kuwazuia wasikunyang'anye uliyo nayo. Tena wakati mwingine hata ukishinda wanatafuta njia ya kuzunguka: Januari 2025 Mahakama ya Juu ilikataza raia kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi, na kabla ya nusu mwaka kuisha Bunge lilikuwa limeshatunga sheria ya kuwarudisha baadhi yao huko.

Hayo ni ya miaka. Ya wiki hii ni haya. Ibara ya 41 inampa kila raia haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria yake ya 2005 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Huulizwi sababu. Wakikaa kimya siku zikapita, ukimya huo unahesabiwa kuwa wamekataa, na unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu. Mwandikie Afisa Mkuu Tawala wa wilaya, yule CAO, kwa sababu mkuu wa taasisi ndiye afisa wa taarifa kisheria. Usimwandikie kwa jumla kwamba dawa hakuna; atakujibu kwa jumla pia. Bohari Kuu ya Dawa inapeleka dawa vituoni kila miezi miwili, na kila mzigo una hati ya kupokelea. Omba nakala za hati za mizigo mitatu ya mwisho kwa kituo chako, ukikitaja jina, pamoja na majina ya wajumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo. Kwa hati hizo utajua kama dawa hazikuletwa, zililetwa chache, au zilifika na chapa yake ya serikali kisha zikatembea. Ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina mwenyewe.

Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, lakini ofisini barua ya Kiingereza bado inasogea upesi, basi mwombe mwalimu wa jirani akusaidie. Tengeneza nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa ubaki nayo, maana siku 21 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo. Wakaeni wanne au watano muandike pamoja, mtu asionekane ni ugomvi wake na nesi. Hati zikionyesha dawa ziliingia na rafu zikabaki tupu, hapo pelekeni kwa IGG. Ana ofisi Tororo na Mbale, na malalamiko anapokea hata kwa mdomo. Na mkishapata hizo hati, nakala moja mpelekeeni mbunge kwa barua iliyogongwa muhuri vile vile, mkimuuliza ataliuliza lini swali hilo bungeni.